Ukimpiga Picha Chozi, Kunguru Naye Anakutazama

Kila nikitoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri, hukaa uani na kamera yangu. Huo ndio wakati wa ndege. Wamelala na njaa usiku kucha, kwa hivyo hutoka mapema kutafuta chakula. Mwangaza nao ni laini. Jua likishapanda, manyoya ya chozi hung'aa kupita kiasi na picha huharibika.

Kiota cha chozi ni kama kifuko kinachoning'inia, kimeshikanishwa kwa utando wa buibui, mlango uko ubavuni. Mwaka jana nilikiona kimoja kwenye mkomamanga wangu nikasogea nipate picha nzuri. Jike likaruka. Juu ya paa palikuwa na kunguru, anatazama. Kabla sijamaliza chai, kiota kilikuwa kimechanwa na mayai yameliwa. Mimi ndiye niliyemwonyesha.

Kunguru hawa si wa asili yetu. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, kisha wakaenea pwani nzima. Wanaowalisha leo ni sisi, kwa majaa yetu na matumbo ya samaki tunayotupa ovyo.

Basi ndugu yangu, ukitaka kupiga picha, kaa mbali, tulia, jua liwe mgongoni mwako. Ndege watakuzoea. Ukiona kiota, geuka uondoke. Na usiku, kabla ya kulala, funika pipa lako la taka.