Maji Yakimwagika Hayazoleki, Je, Mahindi?

Mgeni afikaye Malaba kwa mara ya kwanza hulakiwa na malori. Yamepanga foleni kando ya barabara yakingoja kuvuka kuingia Uganda: haya yamesheheni saruji, yale yamebeba chumvi na vyuma, na mengine ni matangi marefu ya petroli. Watoto waendao shule hupita katikati ya foleni hiyo asubuhi na jioni. Kwa hakika, yabisi, viowevu na gesi vyote hupita mbele ya macho yao kabla hawajaingia darasani.

Muhula mmoja nilifika huko kumwona mwalimu mwanagenzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mimi ni mwanaisimu, wala si mwanasayansi. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza lugha ya darasani. Somo la Gredi ya Nne siku hiyo lilihusu hali za maada. Mwalimu aliandika ubaoni, kwa Kiingereza, fasili tatu: kitu kigumu kina umbo lake chenyewe, kiowevu hufuata umbo la chombo, gesi hujaza nafasi yote iliyopo. Wanafunzi wakazikariri mara tatu kwa sauti moja, mfano wa kwaya.

Kisha msichana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, na mahindi je? Mama akiyamwaga kwa gorogoro, si yanakaa tu kama gorogoro?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia aulize kwa Kiingereza au aketi. Akaketi.

Simlaumu mwalimu yule. Nami nilifunzwa vivyo hivyo, na huenda ningefanya kama yeye nilipokuwa na umri wake. Lakini swali lile limenifuata hadi chuoni, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kwa mujibu wa fasili aliyokaririshwa, msichana yule hakukosea hata kidogo. Mahindi humiminwa, na yakimiminwa hufuata umbo la gorogoro. Sukari hufanya hivyo, unga hufanya hivyo, hata mchanga wa mtoni. Katika darasa zima, ni yeye peke yake aliyekuwa ameichukua fasili ile kwa uzito, akaipima kwa jambo alilolishuhudia sokoni.

Ajabu ni kwamba jibu lake halikuhitaji maabara wala kitabu cha ng'ambo. Wahenga walikwisha kulitoa waliposema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Sisi walimu wa lugha huifundisha methali hii kama onyo juu ya majuto, tukasahau kwamba imesimama juu ya uchunguzi wa kisayansi. Mahindi yakimwagika huzoleka. Yamwage sakafuni nayo yatafanya kichuguu, na ukiichunguza punje moja utaiona ina umbo lile lile iliyokuwa nalo ndani ya gorogoro. Maji hayafanyi kichuguu; hutandaa, yakajipenyeza katika kila ufa. Kumbe mahindi ni mkusanyiko wa yabisi ndogo ndogo, kila moja na umbo lake. Mwalimu angemwaga konzi moja ya mahindi na kikombe kimoja cha maji mezani, kisha akaitaja methali hiyo, somo lingekuwa limekwisha kwa dakika tano, na kicheko kingekuwa cha furaha.

Hapa wenzangu wa isimu wataniuliza: je, Kiswahili kina istilahi za kutosha? Istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tatizo ni kwamba hatujakubaliana. Wengine husema kigumu, wengine yabisi, wengine mango. Kuna kiowevu na kuna kimiminika. Na kila neno lina mtego wake. Ukimwambia mtoto kwamba pamba ni kigumu, atakushangaa, maana ameishika na kuiona laini. Ukimwambia kimiminika ni kitu kinachomiminika, atakurudisha kwenye mahindi yake. Neno yabisi lina asili ya Kiarabu, kwa maana ya ukavu, na mtoto aghalabu hulisikia kwa bibi yake anayeugua baridi yabisi. Gesi nayo, kwa mtoto wa mjini, ni ule mtungi wa kupikia, ilhali ndani ya mtungi huo sehemu kubwa ni kiowevu kilichoshindiliwa. Ukiutikisa utakisikia kikicheza.

Rai yangu ni kwamba tusigombane juu ya istilahi mbele ya watoto. Kitu kitangulie, jina lifuate. Mtoto akikwisha kuiona tofauti kwa macho yake, jina lolote utakalompa atalijaza maana. Asipoiona, hata jina zuri kupita yote litabaki ganda tupu, liwe la Kiswahili au la Kiingereza.

Sera yetu, kusema kweli, haiko mbali na rai hii. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumiwe kufundishia madarasa matatu ya kwanza, na Kiswahili kitumike pale jamii zilipochanganyika. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ilinde lugha zote za wananchi. Malaba na Busia ni miji ya mchanganyiko: Ateso, Lubukusu, Lukhayo, Lusamia na Dholuo husikika katika soko moja, na Kiswahili ndicho huziunganisha. Ng'ambo ya mpaka nako, mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Hata hivyo, mtoto wa Kenya afikapo Gredi ya Nne, wakati Sayansi inapoanza kufundishwa kwa jina lake, Kiingereza hutwaa darasa lote kwa ghafla. Lugha aliyokuwa akiitumia kuuliza inageuka kuwa kosa.

Wazazi watasema, nao wana haki, kwamba mitihani huandikwa kwa Kiingereza. Sijasema mtoto anyimwe Kiingereza. Nasema aulize kwanza kwa lugha anayofikiria kwayo, aelewe, kisha apewe neno la Kiingereza akiwa tayari ana mahali pa kuliweka.

Huenda msomaji akadhani haya ni mabishano ya wasomi tu. La, hasha. Rudi kwenye foleni ile ya matangi. Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia kuteka mafuta. Moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Julai 2021, katika barabara ya Kisumu kwenda Busia, lori jingine lilianguka mahali paitwapo Malanga, Kaunti ya Siaya. Watu wakafika na mitungi, na wasiopungua 13 wakafa.

Sidai kwamba somo moja la sayansi lingewaokoa wote. Umaskini una sauti kubwa kuliko mwalimu. Lakini hebu tujiulize ni wangapi kati yetu tunaojua kinachowaka hasa. Petroli iliyomwagika huanza kugeuka mvuke papo hapo, bila kungoja kuchemka. Mvuke huo hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini chini, ukafuata mitaro na mabonde, ukamfikia mtu aliyesimama mbali akidhani yuko salama. Mvuke ndio unaoshika moto. Cheche moja ya pikipiki yatosha. Mtoto aliyekariri kwamba gesi hujaza nafasi yote iliyopo amepewa ukweli huu wote, lakini ameukunja na kuutia mfukoni bila kuusoma. Kwake, anayeteka petroli anateka kiowevu tu, kama maji ya kisimani.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuwa walimu, vifaa tunavyo. Chemsheni maji katika sufuria na mfunike. Mfunuapo, onyesheni matone chini ya kifuniko, ili mtoto ajue kwamba kile akiitacho moshi ni maji yaliyopanda na kurudi. Leteni mafuta ya kupikia yaliyoganda asubuhi na myaache juani. Nunueni barafu dukani, na mvua ya mawe inyeshapo, mwacheni mtoto aokote jiwe moja aone likiyeyuka kiganjani. Azimeni pampu ya baiskeli. Si haba, neno bodaboda lenyewe lilizaliwa katika mpaka huu. Zibeni tundu la pampu kwa kidole na mtoto asukume: atahisi hewa ikimsukuma naye, na atajua kwamba kisichoonekana nacho kipo.

Jambo hilo la mwisho ndilo ningependa lisahaulike mwisho. Na yule wa safu ya nyuma akiinua mkono, msimketishe. Methali yetu yasema maji yakimwagika hayazoleki; swali la mtoto likizimwa, nalo ni vigumu kulizoa.