Huu Wimbo ni wa Nani?

Ndugu msikilizaji, wiki hii napenda tuzungumze juu ya watu ambao tunawasikia kila siku lakini hatuwajui. Nawazungumzia watunzi wa nyimbo, hasa wale wanaotunga na kuimba wenyewe katika baa na kumbi za mitaani kwetu.

Jumamosi moja nilikaa katika baa maeneo ya Sinza, Dar es Salaam. Pembeni alikuwapo kijana na gitaa lake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mbele yake maikrofoni moja na spika mbili za kukodi. Alianza saa mbili usiku. Kwa muda wa saa nzima alipiga nyimbo za watu: za marehemu Mbaraka Mwinshehe, za marehemu Marijani Rajab, na moja mbili za Wakongo. Watu walifurahi, wengine walisimama wakacheza, na bwana mmoja alikwenda kumtunza noti ya shilingi elfu tano, akamtilia mfukoni mwa shati.

Kisha kijana akasema, "Sasa naomba niwaimbie wimbo wangu." Hapo hapo ukumbi ukarudi kwenye mazungumzo. Mhudumu akaitwa, chupa zikahesabiwa, mishikaki ikaagizwa. Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri. Ulihusu mpangaji anayehama usiku kwa kukosa kodi, na mtoto wake anamuuliza kwa nini hawawashi taa. Ulipokwisha, dada mmoja wa meza ya jirani akauliza, "Huu wimbo ni wa nani?" Kijana akajibu, "Wangu, dada." Yule dada akacheka. "Acha utani bwana. Wa nani?"

Sikumlaumu, na nisingependa nawe umlaumu. Wimbo haupendwi siku ya kwanza. Unapendwa kwa kurudiwa, mpaka siku unajikuta unauimba bafuni na hukumbuki uliusikia wapi. Mtu aliyetoka nyumbani na fedha zake kuja kupumzika anataka kusikia anachokijua. Wanamuziki wanalifahamu jambo hili. Nyimbo za watu wanaziita "kopi", na kopi ndiyo inayolipa. Mapatano na mwenye baa aghalabu ni ya mdomo: kiasi fulani kwa usiku mmoja, sahani ya chakula, na anachotunzwa ni chake. Malipo ya kutunga hayamo. Kwa hiyo mwenye nyimbo zake anaziingiza kwa ujanja, mmoja baada ya kopi nne, kama mama anayemchanganyia mtoto dawa ndani ya uji.

Zamani kazi ya kurudia ilifanywa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilipeleka mashairi yake, yakasomwa na kukubaliwa kwanza, ndipo ikaitwa studio kule Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kurekodi kulikuwa kupiga wote kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta na tumba. Akikosea mmoja, mnaanza upya. Baada ya hapo wimbo ulisikika nchi nzima, wiki baada ya wiki. Watu walipofika ukumbini mwisho wa wiki walikuwa wameshaujua, na wao ndio waliomdai mwimbaji auimbe. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mtunzi wa wakati ule na kijana wangu wa Sinza.

Lakini neema ile ilikuwa na dosari. Utepe ulibaki redioni. Bendi nyingi zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz, ambayo sasa tunaijua kama Msondo Ngoma, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na DDC. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani au dereva. Alipohama, na kuhama kulikuwa jambo la kawaida (marehemu Shaaban Dede peke yake alipitia Msondo, Mlimani na Bima Lee), nyimbo alizotunga alikotoka zilibaki huko huko, zikaimbwa na mwingine. Hata sisi tulisema "wimbo wa Sikinde", "wimbo wa Msondo". Nani aliutunga, hatukuuliza.

Ni haki pia kusema kuwa jambo lenyewe si jepesi. Katika muziki wa dansi mtunzi huja na maneno na sauti ya kuimbia. Mpiga solo anatafuta lake, mwenye besi lake, na ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu, wanayoiita chemko, mara nyingi imepikwa na bendi nzima mazoezini. Sasa hapo wimbo ni wa nani? Bila kukubaliana mapema, kila mmoja ataamini kuwa yeye ndiye aliyeufanya upendwe.

Tazama yaliyomkuta Marijani Rajab. Huyu alizaliwa Kariakoo mwaka 1955, akaimba na Safari Trippers, kisha Dar International, na akatunga nyimbo ambazo hadi leo vijana wasiomjua wanaziimba, kama Zuwena na Masudi. Watu walimwita Jabali la Muziki. Alifariki 1995, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa akijitafutia riziki kwa kuuza kanda za muziki katika kibanda kidogo hapo Dar es Salaam. Mwaka 2012 Serikali ilimtunuku nishani, miaka 17 baada ya kuzikwa.

Au mzee wetu Muhiddin Maalim Gurumo. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya muziki, watu walishangaa kusikia kuwa hana hata gari. Diamond Platnumz, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akampa gari zawadi. Lilikuwa tendo la adabu na tulilipigia makofi. Mzee Gurumo alifariki Aprili 2014. Mimi nilibaki najiuliza, je, kama kila redio, kila baa na kila basi lililokuwa likipiga nyimbo zake lingemlipa hata senti chache, angehitaji zawadi?

Sheria ilikuwapo. Tulikuwa nayo ya mwaka 1966, kisha ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA. Yenyewe inasema mambo ambayo kila mwenye gitaa angepaswa kuyajua. Kwanza, haki ya mtunzi inazaliwa pale anapotunga, haisubiri cheti. Kujisajili kunasaidia kama ushahidi tu. Pili, haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa maana hiyo nyimbo za Marijani ni mali ya warithi wake mpaka mwisho wa 2045, na za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, mpaka mwisho wa 2029. Tatu, haki ya aliyetunga ni mbali na haki ya aliyeimba, na ni mbali na haki ya mwenye rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote tatu, lakini akiuza moja hajauza zote, isipokuwa kama karatasi aliyotia saini inasema hivyo. Wengi hutia saini bila kusoma.

Umeona, basi, kijana wangu wa Sinza yuko pande zote mbili. Analalamika hasikilizwi, na saa hiyo hiyo anakula kwa nyimbo za marehemu ambao warithi wao hawapati kitu. Simhukumu, kwa sababu si yeye anayepaswa kubeba mzigo huo. Mwenye ukumbi anayetumia muziki kuvuta wateja ndiye anayetakiwa kulipia leseni, na fedha hizo zigawiwe kuwa mirabaha, yaani malipo ya mwenye kazi kila kazi yake inapotumika. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili wenye haki waweze kuwa na kampuni zao za kukusanya na kugawa. Lakini hakuna kampuni itakayomgawia mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha, wala wimbo ambao hakuna anayejua ni wa nani.

Na kutojulikana kunaanza mapema kuliko tunavyodhani. Wimbo Malaika umezunguka dunia, ameuimba Miriam Makeba, wameuimba Boney M. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi akajulikana nao, lakini Adam Salim, Mtanzania, alidai kuwa ndiye aliyeutunga miaka ya 1940, na ubishi haujaisha hadi sasa. Daftari moja la wakati ule, lenye maneno na tarehe, lingeweza kuumaliza.

Alipopumzika nilimwita yule kijana mezani. Nikamuuliza wimbo wake wa mpangaji ameuandika wapi. Akagusa kichwa. Nikamuuliza kama aliutunga peke yake, akasema beti la mwisho alipewa na rafiki yake fundi seremala, na wamekubaliana "watajuana huko mbele". Nikamwambia asisubiri huko mbele: anunue daftari la shule, aandike maneno, tarehe, jina lake na la seremala, na fungu la kila mmoja, watie saini wote wawili. Kisha aurekodi kwa simu, hata kama nyuma jogoo wanawika. Aliniambia simu yake haina nafasi, imejaa kopi anazojifunza.

Ilipofika saa tano usiku, yule dada wa meza ya jirani alipaza sauti. "We kijana, rudia ule wa mpangaji." Akaurudia. Hakumtunza, lakini safari hii alisikiliza mpaka mwisho.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji.