Mstari wa Pili: Je, Mtoto Bado Ana Malaria?

Akina mama wengi wa Jinja na Mbale wanakifahamu kile kipande cha plastiki ambacho mhudumu wa afya hukidondoshea damu ya kidole cha mtoto mwenye homa. Baada ya dakika 15 au 20, mstari mmoja huonyesha kwamba kipimo ni kizima. Ukitokea na wa pili, malaria imeonekana. Taabu huanza wiki mbili baadaye, mtoto aliyekwisha maliza dawa anapopata homa tena, na mstari ule ule ukajitokeza. Hapo hulaumiwa dawa, au muuguzi. Huenda hakuna wa kulaumiwa.

Ndani ya kipimo mna kingamwili, yaani protini za aina ile ambayo mwili huiunda ili kujikinga na maradhi. Hizi hutengenezwa maabarani kwa chembe zitokanazo na panya, ufundi uliovumbuliwa na Georges Köhler na César Milstein mjini Cambridge mwaka 1975. Kila kingamwili ina umbo la panda ya manati, na ncha zake mbili hulingana na umbo la kitu kimoja tu, antijeni yake, kama buti lililoshonwa kwa mguu wa askari mmoja. Hapana gundi, ni mivuto midogo midogo, isiyo na nguvu mpaka nyuso hizo mbili zishikamane barabara.

Antijeni itafutwayo hapa ni HRP2, protini ambayo vimelea vya malaria huimwaga damuni. Kingamwili zilizobebeshwa chembechembe za dhahabu huikamata, kisha nyingine zilizotegwa mstarini huinasa. Dhahabu ikirundikana, huonekana nyekundu.

Lakini kingamwili hutambua umbo tu. Haiulizi kama mwenye umbo hilo yu hai. Dawa huua vimelea kwa siku chache, ilhali HRP2 huweza kubaki damuni kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mama anayerudi kliniki na ataje tarehe ya dawa ya mwisho, ili damu itazamwe kwa hadubini na kifua kipimwe pia, kwani homa ya safari hii yaweza kuwa nimonia.

Mahali nako kuna uzito wake. Mwaka 2011 na 2012 watafiti walikadiria kwamba mtu wa Walukuba, Jinja, aliumwa na mbu wenye malaria kama mara 3 kwa mwaka. Nagongera, kusini ya Mbale, mara 310. Penye mbu wengi hivyo, mstari wa zamani na wa jana si rahisi kutofautisha.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2016 Eritrea iliviacha vipimo vya HRP2, kwa kuwa vimelea vingi vya huko havikuwa na protini hiyo: wagonjwa walikuwa na malaria kamili, na mstari wa pili haukutokea.