Wazoa Taka wa Memphis Walidai Nini?

Mtu anafanya kazi ili apate nini? Ukiuliza swali hili kijijini, wengi watajibu upesi: fedha. Mtu anataka kununua chumvi na nguo, na kulipia matibabu ya watoto. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Kuna kibarua anayeacha kazi yenye ujira mzuri kwa sababu ya matusi ya nyapara. Kuna mwingine anayekubali ujira mdogo kwa kuwa kazi yenyewe haina hatari.

Huko Marekani wataalamu wamelichunguza swali hili. Kuanzia mwaka 1973, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwauliza watu mara nyingi wachague jambo lililo bora kuliko yote katika kazi. Je, ni mshahara mkubwa? Ni kutofukuzwa ovyo? Ni saa chache za kazi? Ni kupanda cheo? Au ni kazi yenye maana, inayomridhisha mtu moyoni? Wazungu wengi walichagua kazi yenye maana. Watu Weusi wengi pia waliichagua hiyo. Lakini waliochagua mshahara, au kutofukuzwa, walikuwa wengi zaidi kati ya Watu Weusi kuliko kati ya Wazungu.

Mtu mwingine akisikia hayo atasema: "Basi Watu Weusi wanapenda fedha tu, heshima hawaijali." Huo ni uongo. Kwa miaka mingi Mtu Mweusi wa Marekani alikuwa wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kufukuzwa. Mtu wa namna hiyo lazima afikiri kwanza juu ya mkate wa kesho. Tena, mshahara na heshima mara nyingi ni jambo moja. Tutaona hivyo katika habari ya wazoa taka wa mji wa Memphis.

Memphis ni mji mkubwa kusini mwa Marekani, kando ya mto Mississippi. Mwaka 1968 halmashauri ya mji iliajiri wazoa taka wapatao 1,300. Karibu wote walikuwa Watu Weusi. Wengi wao walitoka mashamba ya pamba, wakaja mjini kutafuta maisha. Wasimamizi wao walikuwa Wazungu.

Kazi ilikuwa hivi. Mzoa taka aliingia nyuma ya nyumba ya mwenye mji, akakusanya taka katika karai kubwa, akalibeba kichwani au begani mpaka kwenye gari. Kubeba mzigo kichwani si ajabu kwetu. Lakini makarai yale yalikuwa yametoboka. Maji ya uozo yalimchuruzikia mtu usoni na shingoni, pamoja na funza. Hawakupewa sare, wala mahali pa kuoga. Mtu akifika nyumbani jioni, alivua nguo mlangoni ili asiwaingizie watoto uvundo ndani.

Ujira ulikuwa mdogo sana. Baadhi yao walifanya kazi wiki nzima, na bado walikuwa maskini kiasi cha kustahili msaada ambao serikali huwapa wasiojiweza.

Mvua ilizidisha taabu yao. Mwishoni mwa Januari 1968, mvua ilinyesha, na wafanyakazi Weusi wa mifereji ya maji machafu walirudishwa nyumbani. Walilipwa saa mbili tu. Wazungu wa idara hiyo hiyo walibaki, wakalipwa siku nzima. Mvua ilikuwa moja, lakini malipo yalikuwa mawili.

Tarehe 1 Februari mvua ilinyesha tena, kubwa. Wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walitafuta mahali pa kujikinga. Ndani ya kabini, pamoja na dereva, hapakuwa na nafasi. Na Mtu Mweusi mwenye nguo za taka hakuruhusiwa kusimama barazani kwa Wazungu. Basi wakaingia nyuma, mahali pa taka. Gari lilikuwa bovu, na wafanyakazi walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya magari ya namna hiyo. Ghafla mashine ya kushindilia taka ikaanza kufanya kazi yenyewe. Iliwavuta ndani, ikawaponda. Wote wawili walikufa.

Kwa kuwa walikuwa vibarua wa kulipwa kwa saa, sheria haikuwapa wajane wao fidia. Halmashauri ilitoa dola 500 za mazishi na mshahara wa mwezi mmoja.

Kabla ya kuendelea kusoma, jadilini darasani. Kama ninyi mngekuwa wazoa taka wa Memphis siku ile, mngedai nini kwanza?

Wenyewe walianza mgomo tarehe 12 Februari. Walidai ujira zaidi. Walidai magari salama. Walidai pia kwamba chama chao cha wafanyakazi kitambuliwe, na ada ya chama ikatwe kwenye mshahara.

Dai hili la mwisho linahitaji maelezo, maana ndilo lililoleta ugomvi mkubwa kuliko yote. Chama hakiwezi kuendelea bila ada. Kama kiongozi anapita mlango kwa mlango kuomba senti za maskini, wiki hii atapata, wiki ijayo atakosa. Lakini ada ikikatwa kabla mshahara haujafika mkononi, chama kinakuwa na mfuko wa kudumu. Wanachama wa ushirika waliowahi kukatwa michango yao kwenye malipo ya mazao wanaelewa jambo hili. Meya wa mji, Henry Loeb, alilielewa vizuri pia. Alikuwa tayari kuahidi nyongeza ndogo ya ujira. Kutambua chama alikataa kabisa. Nyongeza ni fedha, na mwenye kutoa anaweza kuinyima mwakani. Chama ni sauti, na kwa sauti hiyo mfanyakazi angeketi mezani na meya na kujibizana naye.

Wafanyakazi wakaikataa nyongeza isiyo na chama. Watoto wao walikuwa na njaa, kodi za nyumba zilikuwa hazijalipwa, na meya alikuwa akiajiri watu wengine mahali pao. Hata hivyo hawakurudi kazini.

Mwezi wa Machi walianza kuandamana wakiwa na mabango yenye maandishi ya Kiingereza. Maana yake ni "Mimi ni mtu, tena mtu mzima." Bango hilo halikutaja senti hata moja. Kwa nini? Katika nchi ile Mzungu, hata kijana, alizoea kumwita mzee Mweusi "boi", yaani mtoto wa kiume. Wazee wetu wanalijua neno hilo. Wakati wa ukoloni, mtumishi wa nyumbani aliitwa boi hata kama alikuwa na wajukuu.

Mchungaji Martin Luther King, aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa Watu Weusi, alikuja kuwaunga mkono. Tarehe 28 Machi maandamano yaliingia fujo, na polisi wakamwua kijana wa miaka 16, Larry Payne. King alirudi Memphis kwa ajili ya maandamano mengine. Tarehe 4 Aprili, jioni, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya hoteli, akafa. Siku nne baadaye mjane wake, Coretta Scott King, aliongoza maelfu ya watu katika njia za mji ule, kimya kimya.

Tarehe 16 Aprili halmashauri ilikubali. Chama kilitambuliwa, na mpango wa kukata ada ukapatikana. Ujira uliongezwa senti 10 kwa saa kuanzia Mei, na senti 5 nyingine kuanzia Septemba. Senti 15 kwa saa! Ukizitazama peke yake, unaweza kudhani wameshinda kidogo sana. Lakini tangu siku hiyo msimamizi hakuweza tena kumfukuza mtu asubuhi kwa kumchukia tu, bila kuulizwa na chama.

Jambo moja halikutengenezwa vizuri, nalo ni mafao ya uzeeni. Wazoa taka hawakuwa katika mpango wa pensheni wa mji, na malipo ya uzee ya serikali kuu hayakuwatosha. Kwa hiyo wengine waliendelea kufanya kazi mpaka nguvu zikawaishia. Mwaka 2017 mji wa Memphis uliamua kuwapa wagomaji wachache waliokuwa bado hai si chini ya dola 50,000 kila mmoja. Mmoja wao, Elmore Nickleberry, aliyeanza kazi mwaka 1954, alikuwa amepita umri wa miaka 80. Siku habari hiyo ilipotangazwa, bado alikuwa anaendesha gari la taka.