Maamkio ya Kitabuni na Maamkio ya Njiani

Mji wa Manyoni, mkoani Singida, ni njia panda ya lugha. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, hupita hapo, na tawi la kwenda Singida huanzia hapo hapo. Wagogo, Wanyaturu, Wakimbu, Wasukuma na watumishi waliotoka mikoa mingine huonana kila siku sokoni, stesheni na kisimani. Kabla ya kuuziana kuku au kuulizana njia, hawana budi kuamkiana.

Mtoto wa shule ambaye nyumbani kwao husemwa Kigogo aweza kuamkia kwa lugha tatu kabla ya saa nne asubuhi. Jirani mmoja humwambia “mbukwa”. Wakiwa wengi huwaambia “mbukwenyi”. Mzee anayekutana naye njiani humwamkia “shikamoo”. Kipindi cha Kiingereza kinapoanza, husimama pamoja na wenzake na kutamka kwa sauti moja “Good morning, teacher”. Hakosei hata mara moja. Lakini kanuni inayomwongoza katika kuchagua haimo katika kitabu chake chochote.

Swali lisilo swali

Mwaka 1923 Bronisław Malinowski, mtaalamu mzaliwa wa Poland aliyechunguza maisha ya watu wa visiwa vya Trobriand karibu na Guinea Mpya, alieleza kwamba yako maneno ambayo kazi yake si kupasha habari, bali ni kuunga watu. Maamkio ni mfano bora wa maneno hayo. Hebu tuangalie “hujambo”. Umbo lake ni la kukanusha: “hu” ni kiambishi cha nafsi ya pili katika ukanushi, na “jambo” ni shauri au tatizo. Anayeulizwa huambiwa kama kwamba hana tatizo, naye hujibu “sijambo”, hata akiwa na homa. Ugonjwa wake atautaja baadaye, baada ya salamu kutimizwa. Kwa hiyo jibu hilo si uongo; ni mlango wa mazungumzo.

Vijana wa leo huulizana “Mambo?” na kujibiwa “Poa”. Wengi huona kuwa huo ni uharibifu wa lugha. Ukweli ni kwamba “mambo” ni wingi wa “jambo” lile lile. Salamu ya zamani hukanusha jambo. Salamu ya vijana huuliza mambo yote kwa pamoja. Neno limebaki, njia ya kulitumia imegeuka.

Jinsi salamu zinavyopungua

Salamu husemwa mara nyingi mno kila siku, na kinachosemwa mara nyingi hufupishwa. Kitabu hufundisha “Habari za asubuhi?”; njiani husikika “Za asubuhi?”, “Za kutwa?” au “Za siku nyingi?”. Nomino “habari” imeondoka, ila upatanisho wake, yaani “za”, umebaki ukionyesha mahali nomino ilipokuwa.

Jambo hilo si la Kiswahili peke yake. Mwanafunzi wa Kihispania hufundishwa “Buenos días” kwa asubuhi, “Buenas tardes” kwa mchana na “Buenas noches” kwa usiku, kisha “¿Cómo está usted?”, yaani “U hali gani?” ya heshima. Afikapo katika nchi zinazosema lugha hiyo, husikia watu wakiingia dukani na kusema “Buenas” tu. Nomino imetoweka, kivumishi kimesalia kikiwa na alama ya jinsi ya kike na ya wingi. Tena wengi huitamka hata asubuhi, ingawa nomino ya asubuhi, “días”, ni ya jinsi ya kiume. “Za kutwa?” na “Buenas” ni matunda ya kanuni moja: msikilizaji akiweza kuijaza sehemu iliyoachwa, msemaji huiacha.

Nani aanze, na amwambie nani?

Kufupishwa kwa salamu hakumtatizi mgeni sana, kwani huzoea upesi. Tatizo kubwa ni cheo. “Shikamoo”, ambayo huelezwa kuwa ni kifupi cha “nashika miguu yako”, hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mkubwa hujibu “marahaba”, kisha mara nyingi huongeza “hujambo?”, na mdogo hujibu “sijambo”. Hapa ndipo kitabu kinapompotosha mgeni. Hufundishwa kwamba “hujambo” ni salamu ya watu wote, akimwambia mzee wa Manyoni “hujambo?” bila kutanguliza shikamoo, amejiweka juu yake bila kujua.

Judith Irvine, katika uchunguzi wake juu ya Wawolofu wa Senegal uliochapishwa mwaka 1974, alionyesha kwamba huko mwenye cheo cha chini ndiye hutarajiwa kuanza salamu, na kwamba watu huweza kuitumia desturi hiyo kujipandisha au kujishusha kwa makusudi. Mwaka 1960 Roger Brown na Albert Gilman walikwisha kueleza jinsi viwakilishi viwili vya nafsi ya pili katika lugha za Ulaya, kama “tú” na “usted” vya Kihispania, vinavyopima uwezo na ukaribu baina ya watu. Kiswahili hakina viwakilishi viwili vya namna hiyo. Mzigo huo huchukuliwa kwa sehemu kubwa na salamu. Ndiyo maana “habari” inafaa sana kwa wageni wasiojuana umri: haipandishi mtu wala haishushi.

Upungufu wa kitabu

Mtungaji wa kitabu hakufanya kosa. Anahitaji sentensi kamili, zenye adabu, zisizochakaa upesi. “Hujambo, hamjambo, hajambo, hawajambo” humpa pia nafasi ya kufundisha viambishi vya ukanushi. Wala haitafaa kuzifuta salamu hizo na kuweka za vijana mahali pake, kwani “Mambo?” ikielekezwa kwa bibi ni utovu wa adabu. Upungufu ni kwamba kitabu hutoa neno bila kutaja msemaji, msemewa, saa na mahali. Hata “Pole na kazi” na “Pole na safari”, zinazosikika kila siku mashambani na stesheni, ni nadra kuonekana katika masomo ya mwanzo.

Hasara yake ni ya kweli. Bwana shamba au mganga aliyehamia kijijini akianza kuuliza maswali kabla ya salamu kukamilika, atapata majibu mafupi, pengine yasiyo sahihi. Anayeulizwa hajamkubali bado kuwa mtu wa kuambiwa mambo. Ushauri wa kilimo na maelezo ya dawa hupita katika mlango huo huo.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuwapeleka wanafunzi sokoni siku moja, kila mmoja akiwa na daftari lenye safu tano: nani alianza, alimwamkia nani, saa ngapi, kwa neno gani, na alijibiwaje. Salamu za Kigogo, Kinyaturu na Kisukuma ziandikwe pia. Darasani watalinganisha “mbukwenyi” ya Kigogo na “shikamooni” ya Kiswahili, na kuona kuwa lugha zote mbili huweka alama ya wingi mwishoni mwa salamu. Watagundua kwamba lugha ya nyumbani ina sarufi kama ile ya kitabuni, na kwamba wamekuwa wakiitumia vema tangu utotoni.