Pfaffenwinkel: "Kona ya Mapadre" Kusini mwa Ujerumani



Tukitaja Ujerumani, wengi wetu tunafikiria viwanda, magari na timu za mpira. Ni wachache wanaofikiria ng'ombe wanaolisha kando ya kanisa, wakulima wanaokausha nyasi za kulishia mifugo wakati wa theluji, au njia ya miguu inayotoka monasteri moja hadi nyingine. Ujerumani ya namna hiyo ipo. Iko kusini kabisa, katika Bavaria ya Juu, kati ya mito Lech na Loisach, mahali vilima vinapoanza kupanda kuelekea milima ya Alpi. Wenyeji wanaiita Pfaffenwinkel.

Tumeona vema kuieleza kwa sababu mbili. Kwanza, wapo mapadre, watawa na walei wa kwetu wanaokwenda Ujerumani kwa masomo au kwa ziara za urafiki wa parokia, na mara nyingi hurudi wakiwa wameona miji mikubwa tu. Pili, historia ya eneo hili ina somo kwa Kanisa lolote linalojenga, na sisi tunajenga sana siku hizi.

Jina na asili yake

Pfaffe ni padre, na Winkel ni kona. Kwa hiyo Pfaffenwinkel ni "kona ya mapadre". Tahadhari moja: siku hizi neno Pfaffe lina dharau ndani yake. Zamani lilimaanisha mtu wa Kanisa tu, lakini leo ukimwita paroko wa huko kwa neno hilo, usishangae akikunja uso.

Jina lilitokana na wingi wa monasteri. Katika eneo ambalo mtu wa baiskeli analivuka kwa siku moja au mbili walikuwapo Wabenediktini wa Wessobrunn na Benediktbeuern, Wakanoni wa Mt. Augustino wa Polling na Rottenbuch, na Wapremonstratensi wa Steingaden. Rottenbuch ilianzishwa mwaka 1073, na Steingaden mwaka 1147. Watawa hawa walisali, wakalima, wakafundisha shule, wakakusanya vitabu. Kijiji cha Wessobrunn kilitoa mafundi wa kupamba kuta na dari kwa jasi ambao walifanya kazi katika makanisa na majumba ya kifalme sehemu nyingi za Ulaya. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima.

Kanisa katikati ya malisho

Mgeni anayepata siku moja tu aende Wieskirche, maana yake kanisa la malishoni. Liko karibu na Steingaden, na kwa nje ni kanisa jeupe lisilotisha, limezungukwa na majani. Hadithi yake inaanza na sanamu.

Mnamo 1730 watawa wa Steingaden walitengeneza sanamu ya Yesu aliyepigwa mijeledi ili ibebwe katika maandamano ya Ijumaa Kuu. Hawakuichonga upya. Waliunganisha vipande vya sanamu za zamani, wakavifunika kwa kitambaa na kupaka rangi. Bwana wetu alionekana mwenye majeraha kiasi kwamba watu waliona uchungu kumtazama. Baada ya miaka michache sanamu ikaondolewa na kuwekwa darini kama kitu kisichotakiwa.

Mama mmoja mkulima, Maria Lory, aliiomba akaipeleka nyumbani kwake. Tarehe 14 Juni 1738, akiwa katika sala, yeye na familia yake waliona matone machoni pa sanamu. Habari zikaenea, mahujaji wakaanza kufika, kwanza wachache, kisha kwa maelfu. Kikanisa kidogo hakikutosha. Kati ya 1745 na 1754 fundi Dominikus Zimmermann alijenga kanisa tunaloliona leo, na ndugu yake Johann Baptist akachora dari. Mwaka 1983 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Zimmermann mwenyewe hakutaka kuondoka. Alikaa karibu na kanisa hilo mpaka alipofariki mwaka 1766.

Mafrateri watakaofika hapo watazame juu kwa utulivu. Katika mchoro wa dari Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua. Upande mmoja kipo kiti cha hukumu, nacho kiko wazi. Upande wa pili upo mlango wa milele, nao umefungwa. Mchoraji alikuwa akihubiri kwamba hukumu bado haijaanza, na huu ni muda wa huruma. Mkulima asiyejua kusoma alilielewa hilo kwa kuinua macho tu.

Mlima wa sala na wa hali ya hewa

Kituo cha pili ni Hohenpeißenberg, mlima wa mita 988 uliosimama peke yake. Juu yake lipo kanisa la hija la Bikira Maria. Siku isiyo na mawingu unaona safu ndefu ya Alpi, pamoja na Zugspitze, kilele kirefu kuliko vyote Ujerumani, mita 2,962.

Juu ya mlima huo huo kipo kituo cha kupima hali ya hewa. Wakanoni wa Rottenbuch walianza kupima joto na mgandamizo wa hewa hapo mwaka 1781, na kazi hiyo inaendelea hadi leo chini ya idara ya serikali. Ndicho kituo cha mlimani cha aina hiyo kikongwe kuliko vyote duniani. Tunakitaja kwa sababu vijana wetu huambiwa mara kwa mara kwamba imani na sayansi haziwezi kukaa chumba kimoja. Pale zilikaa chini ya paa moja: padre aliyeadhimisha Misa ndiye aliyekwenda kusoma kipimo.

Mwaka ambao kila kitu kilichukuliwa

Mwaka 1803, katika misukosuko ya vita vya Napoleon, watawala wa Ujerumani waliopoteza ardhi upande wa magharibi ya mto Rhein walifidiwa kwa mali ya Kanisa. Serikali ya Bavaria ilifunga monasteri zote za Pfaffenwinkel. Watawa walitawanyika, mashamba na misitu vikachukuliwa, vitabu vikapelekwa München. Huko Wessobrunn kanisa la abasia lilibomolewa mwaka 1810, na mawe yake yakawa mawe ya kujengea. Leo unaona mnara wa kengele wa zamani umesimama peke yake.

Wieskirche nayo, inasimuliwa, ilikuwa iuzwe na kubomolewa. Waliozuia ni wakulima wa jirani, watu wale wale ambao mama zao walitembea kwenda kusali mbele ya ile sanamu. Steingaden na Rottenbuch, makanisa ya watawa yalibaki kwa sababu yaligeuka makanisa ya parokia.

Hapa ndipo penye somo. Hazikuokoa dhahabu wala ufundi. Wessobrunn ilikuwa na mafundi kuliko wote. Kanisa lililobaki ni lile ambalo watu wa kawaida waliliona ni lao. Tunapochangishana kujenga parokia na vigango, tujiulize: mfadhili akiondoka, padre akihamishwa, nani atasimama mlangoni kusema jengo hili halibomolewi?

Kutembea kwa miguu

Uzuri wa Pfaffenwinkel hauonekani vizuri kutoka dirishani mwa basi. Njia ya hija ya Mt. Yakobo inayoanza München inapita hapa: inagusa Andechs, Wessobrunn, Hohenpeißenberg, Rottenbuch, Wieskirche na Steingaden. Si lazima kuimaliza. Kutoka Steingaden hadi Wieskirche ni matembezi ya asubuhi moja, na kipande kinapita juu ya mbao zilizotandikwa kwenye kinamasi. Mto Ammer umechimba korongo lenye msitu na maporomoko madogo. Wapenda baiskeli wana njia nyingi kati ya vijiji, na wakati wa baridi watu huteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni. Mwezi Novemba, karibu na sikukuu ya Mt. Leonardi tarehe 6, vijiji kadhaa hufanya maandamano ya farasi waliopambwa, na padre huwabariki.

Maelekezo machache kwa anayekwenda:

- Miezi ya Mei hadi Oktoba ndiyo mizuri. Hata hivyo chukua koti la mvua, maana karibu na milima hali ya hewa hubadilika ghafla.
- Vaa viatu vinavyoshika ardhi na suruali ndefu. Majani marefu yana kupe.
- Ukipita malisho, funga lango nyuma yako, na usiache njia katika kinamasi.
- Treni kutoka München hufika Weilheim. Kutoka hapo kuna mabasi. Jumapili mabasi ni machache na maduka hufungwa, kwa hiyo beba chakula.
- Wakati wa Misa kanisani hakuna matembezi wala picha. Ukiingia, ingia kusali.
- Ukikutana na mtu njiani, mwambie "Grüß Gott", yaani Mungu akusalimu. Ndiyo salamu ya huko. Aliyezoea Tumsifu Yesu Kristo hatapata shida.

Kituo cha mwisho ni cha nyumbani

Kaskazini kidogo mwa eneo hili, upande wa pili wa ziwa Ammersee, iko abasia ya St. Ottilien. Jina hili linatuhusu. Andreas Amrhein, mmonaki Mbenediktini, alianzisha jumuiya ya kimisionari mwaka 1884, na mwaka 1887 ikahamia hapo. Mwaka huo huo wamisionari wa kwanza waliondoka kuja Afrika Mashariki, wakafungua kituo Pugu mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Wenzao hawakukata tamaa: Peramiho ilianza 1898, Ndanda 1906.

Abasia ina makumbusho ya kimisionari, na ndani yake vimo vitu vya kazi, vya ibada na vya sanaa vilivyotoka kwetu. Mkristo wa Songea au Mtwara anayesimama mbele ya kabati hizo anaweza kupata shukrani na maswali kwa wakati mmoja. Tunaona vyote viwili ni halali. Injili na ukoloni vilifika kusini mwa nchi yetu katika miaka ile ile, mara nyingine kwa meli ile ile, na kuuliza kitu fulani kilitokaje mikononi mwa mababu si utovu wa shukrani. Uliza kwa heshima.

Usiondoke bila kupita makaburini. Kati ya 1945 na 1948 majengo ya abasia yalikuwa hospitali ya Wayahudi walionusurika kambi za Wanazi, na waliofia hapo wamezikwa hapo hapo. Ardhi ile ile iliyotuma wamisionari iliona pia uovu huo. Msafiri Mkristo anapaswa kuyaona yote, kisha apige magoti.

Kama huna safari ya Ujerumani, usihuzunike. Jumapili hii baada ya Misa, zunguka kanisa la parokia yako polepole. Muulize mzee mmoja nani alibeba mawe ya msingi. Nalo lina habari zake, na wanaozijua wanazidi kupungua.