Je, Wajua? Bujumbura hadi Kigoma, Ndege Kubwa Ingeanza Kushuka Kabla Haijaruka

Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Makobola, ziwa limejaa taa za wavuvi wa ndagala. Mara taa moja inatokea juu angani, inashuka polepole kuelekea kaskazini, kisha inapotelea upande wa Bujumbura. Ni ndege inayotua uwanja wa Melchior Ndadaye, ng'ambo ya maji. Tuseme kesho ndege hiyo inakwenda Kigoma, Tanzania. Ni mbali kiasi gani, na itatumia muda gani?

Umbali unaweza kuupata kwa kalamu tu. Uwanja wa Bujumbura uko nyuzi 3 na dakika 19 kusini mwa ikweta. Wa Kigoma, nyuzi 4 na dakika 53. Tofauti ni dakika 94. Dakika hizi si za saa: kila uzi umegawanywa mara 60, na kila kipande ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Ndiyo maana marubani na manahodha hawaiachi maili hiyo: ramani yenyewe ni rula yao. Dakika 94 ni kilomita 174 kwenda kusini. Kigoma pia imesogea mashariki kilomita 39 hivi. Usizijumlishe tu, kwa sababu ndege hukata pembe: zidisha 174 kwa 174 na 39 kwa 39, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kilomita 178, sawa na maili 96 za baharini.

Ndege kubwa ya jeti hukimbia kilomita 800 kwa saa. Ukigawanya, unapata dakika 13. Hesabu ni sahihi, lakini safari hiyo haipo. Jeti hupata mwendo huo ikiwa juu sana, kwenye hewa nyepesi, futi 35,000 hivi. Na kwa kanuni ya marubani, kila futi 1,000 za kushuka huhitaji maili 3. Kutoka futi 35,000 ni maili 105, na njia nzima ni maili 96. Ingebidi ianze kushuka kabla haijaruka!

Kwa hiyo safari fupi huzifaa zaidi ndege za pangaboi. Cessna Caravan, yenye injini moja, huenda kama kilomita 340 kwa saa na haihitaji kupanda juu sana. Njia ni dakika 31. Ongeza kupaa, kuzunguka na kujipanga na uwanja, zinafika kama 40.

Halafu kuna upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani. Ukiwa wa kilomita 40 kwa saa, kwenda Kigoma ni dakika 36, kurudi ni 28. Jumla 64, wakati siku tulivu ni 63. Mbona haulipi ulichochukua? Kwa sababu unapokukabili unakaa nao muda mrefu, na unapokusukuma unaachana nao mapema. Mvuvi wa Makobola anayepiga kasia hahitaji kuambiwa hilo.